Kumtambua Kipepeo wa Buluu Anayeharibu Maharage

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa Rangwi, Lushoto



Leo tuzungumze habari za vipepeo wadogo wa buluu wanaoonekana katika maharage na njegere wakati wa maua. Wengi wakiwaona hukimbilia bomba la dawa. Lakini vipepeo hawa si wa namna moja, wala madhara yao si sawa. Apigaye dawa bila kutazama hupoteza fedha na kuua nyuki wa asali. Naye awapuuzaye wote huenda akavuna maganda yenye matundu.

Jueni kwanza kwamba rangi ya buluu haitoshi. Wakiruka hufanana sana, na majike yao huwa ya kahawia kwa sehemu kubwa. Alama ya kutegemea iko upande wa chini wa mabawa. Basi nendeni shambani asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Kwa baridi yetu ya milimani hutulia juu ya mimea wakiwa wamefumba mabawa, nanyi mtaona upande huo bila kuwashika.

Watazameni hawa watatu:

1. Mharibifu wa maganda. Wataalamu humwita Lampides boeticus. Upande wa chini ni kahawia hafifu wenye mistari myeupe ya mawimbi. Karibu na ukingo wa bawa la nyuma pana utepe mweupe, mpana kuliko mistari mingine. Pembeni ana vidoa viwili vyeusi na mkia mwembamba kama uzi. Utepe huo mweupe ndio alama yake kuu.

2. Mwenye milia. Huyu ni Leptotes pirithous na ndugu zake. Ana mkia na vidoa viwili vilevile, ila mistari yake imechanganyika bawa zima, wala hana ule utepe mpana. Viwavi wake hula hasa maua na vitumba vya mimea mbalimbali, pamoja na jamii ya kunde.

3. Mdogo wa majani. Huyu ni Zizeeria knysna. Huruka chini chini, hana mkia, na upande wa chini ni kijivu chenye vidoa vyeusi, si mistari. Hutaga zaidi kwenye magugu madogo. Msimpigie dawa.

Mkimwona wa kwanza, msipige dawa bado. Tafuteni kiwavi, maana yeye ndiye mlaji. Jike hutaga yai moja moja juu ya vitumba na maua. Kiwavi huingia ndani ya ua, kisha hutoboa ganda na kula mbegu. Ni mfupi, mnene, bapa kidogo, wa kijani au kahawia. Hutoa maji matamu yapendwayo na sisimizi. Basi mkiona sisimizi juu ya ua lisilo na vidukari, lifungueni mtazame.

Lakini si kila tundu ni lake. Maua yaliyofungwa pamoja kwa nyuzi ni kazi ya kiwavi mweupe mwenye madoa meusi mgongoni. Kiwavi mkubwa mwenye michirizi ubavuni, aliyeingiza kichwa ndani ya ganda na kuacha mwili nje, ni mwingine tena. Wazazi wa hao wawili ni nondo warukao usiku.

Mwenye marejea au mbaazi kando ya shamba atazame maua yake pia, kwa kuwa mharibifu huyu hukulia humo. Tena husafiri mbali: mwaka 2013 jamii yake ilifika hata kusini mwa Uingereza na kuzaliana huko.

Kazi yenu ni hii. Maua yanapoanza, kagueni mimea 20, minne minne katika sehemu tano za shamba, na mrudie kila wiki. Viwavi wakiwa wachache, waokoteni kwa mkono na kuondoa maganda yaliyotobolewa. Wakizidi, mwiteni Bwana Shamba kabla hawajaingia ndani ya maganda, maana humo dawa haiwafikii vizuri. Ikibidi kupiga dawa, pigeni jioni nyuki wakisharudi mzingani, na mfuate siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa, hasa kwa njegere zinazochumwa mbichi.

Tazama bawa, fungua ua, ndipo ushike bomba.