Bei ya Uchache: Picha za Kidijitali na Fedha za Kumwokoa Vakita



Novemba 2021, tawi la Ujerumani la shirika la uhifadhi la WWF lilianza kuuza picha za kidijitali za wanyama walio hatarini kutoweka. Kila picha iliandikishwa kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni linaloonyesha mmiliki ni nani, na idadi ya nakala ikafungwa kwa idadi ya wanyama waliobaki. Nia yao siitilii shaka. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kanuni hiyo inamnufaisha mnunuzi kwa kitu kile kile anachopigana nacho mhifadhi: uchache.

Tuipime kwa vakita, mmoja wa wadogo kabisa katika ukoo wa nyangumi na pomboo, anayeishi pembe ya kaskazini ya Ghuba ya California, Meksiko, na si kwingineko. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa karibu 570. Mwaka 2023 makadirio yalikuwa 10 hadi 13. Hakuna anayemvua vakita kwa kusudi. Anayetafutwa ni totoaba, samaki mkubwa ambaye bondo lake, yaani kifuko chake cha hewa, huuzwa China kwa bei ya kutisha (wachuuzi wa sangara wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa biashara ya mabondo). Jarife hutegwa kwa ajili ya samaki huyo, vakita hunasa, hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, na hufa maji.

Bondo hupanda bei kadiri totoaba anavyoadimika. Na picha je? Tuseme zimetolewa nakala 10 kwa vakita 10. Wakizaana wakafika 50, ama shirika litoe nakala 40 zaidi na kumshushia thamani aliyenunua mwanzo, ama liivunje kanuni yake lenyewe. Simaanishi kwamba mwenye picha ataenda kutega jarife. Nasema tumeazima mantiki ya mlanguzi wa bondo ili kumlipa mlinzi.

Pingamizi lililosikika sana dhidi ya picha hizi lilikuwa la umeme mwingi unaotumiwa na blokcheni. Februari 2022 tawi la WWF la Uingereza lilisitisha mauzo ya namna hii ndani ya siku chache kwa sababu ya lawama hizo. Lakini Septemba mwaka huo mtandao wa Ethereum, mojawapo ya blokcheni zinazotumika kwa picha kama hizi, ulibadili namna ya kuthibitisha miamala, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Anayeendelea na lawama hiyo anapiga mahali pasipouma.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: fedha ni fedha, kwa nini tuchague? Kwa sababu kazi yenyewe inachagua aina ya fedha. Mwaka 2015 Meksiko ilipiga marufuku majarife kwa muda na kuwalipa wavuvi fidia. Sehemu kubwa ilipitia kwa wenye leseni, si kwa mabaharia wanaovuta nyavu, na malipo yalipokoma, mtu mwenye familia ya kulisha hakuwa na sababu ya kukaa nchi kavu. Kilichoonekana kusaidia kweli ni vitalu vya zege vyenye ndoana, ambavyo jeshi la majini lilianza kuvizamisha mwaka 2022 ili vikamate nyavu. Vitalu na fidia vyote vinataka fedha ya kila mwaka. Soko la picha halitoi fedha ya namna hiyo: Machi 2021 picha moja ya kidijitali ya msanii Beeple iliuzwa kwa dola milioni 69 mnadani, mwaka uliofuata soko likaporomoka, na mwaka 2023 soko la mtandaoni la OpenSea likaacha kulazimisha mrabaha ulipwe picha zinapouzwa tena.

Mashirika yauze picha, lakini bila kikomo cha nakala, kama shukrani kwa mchangiaji, na mapato yaende kwenye mfuko wa amana unaomlipa baharia moja kwa moja. Picha ambayo thamani yake inashuka vakita wanapoongezeka isiuzwe kwa jina la vakita.