Faida ya Kujiunga na Jumuiya ya Wanafunzi Bora Chuoni, na Deni Lake

(Mazungumzo na wana-Mamba kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu)

 

Mwenyekiti ameniomba nizungumze na vijana wetu wanaokwenda vyuoni, hasa juu ya jumuiya ya wanafunzi bora niliyojiunga nayo na baadaye kuiongoza. Nitasema faida zake, maana ni nyingi. Nitasema pia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Safari yetu mnaijua. Kutoka Mamba unavuka Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike, unafika Mpanda mjini, unapanda treni kwenda Tabora na kuendelea. Mwaka niliochaguliwa kwenda chuo kikuu tulipanda treni hiyo wawili, mimi na kijana wa kijiji cha jirani. Jina lake nalihifadhi. Kwa hesabu alinizidi. Tangu kidato cha tatu ni mimi niliyekuwa nikimfuata na daftari ili anielekeze. Baba yangu aliuza magunia ya mpunga, mama yake akauza ng'ombe, tukaenda.

Mwaka wa kwanza sikufungua mdomo darasani. Wenzangu wa mjini walikuwa na kompyuta zao, na walimu wengine walikuwa wanawafahamu. Mimi nilichojua ni kusoma tu. Matokeo ya mwaka yalipobandikwa, jina langu lilikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri, na baada ya siku chache nikapokea barua ya kualikwa kwenye jumuiya ya wanafunzi bora. Masharti yalikuwa mawili: GPA isiyopungua 4.0, na kiingilio cha shilingi elfu kumi. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, elfu kumi ni chakula cha siku kadhaa. Barua ile niliilalia chini ya godoro wiki mbili.

Kwa wazee ambao hawajasikia habari ya jumuiya hizi, nieleze kidogo. Desturi hii ilikulia Marekani. Mwaka 1776 wanafunzi watano wa chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia, walianzisha Phi Beta Kappa, na leo kuingizwa humo ni heshima kubwa. Mwaka 1918 ikaanzishwa Phi Theta Kappa kwa wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili, wale ambao watu huwadharau kwamba hawakufika chuo kikuu. Mwaka 1922 wanafunzi sita wa uuguzi pale Indiana wakaanzisha ya kwao, Sigma Theta Tau, ambayo sasa ina wauguzi wa nchi nyingi. Kwetu hazijaenea kwa majina hayo, lakini vyuoni kuna vyama vya fani, vya uuguzi, uhasibu, sheria, ualimu, na vikundi vya waliofaulu vizuri. Kazi yake inafanana.

Nilijiunga. Aliyenishauri ni mama mpishi wa kantini, aliyenikopesha ile elfu kumi. Faida nilizozipata ni hizi.

Ya kwanza, nilijulikana. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi mia tatu hawezi kukuandikia barua ya kukudhamini kama hakufahamu. Kwenye jumuiya tulikuwa tukiwaalika wahadhiri, na mimi nikiwa mwandishi wa kikao ndiye niliyewapelekea barua ofisini. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza, wadhamini wangu wawili walitoka humo.

Ya pili, nilipata habari kwa wakati. Lini dirisha la mikopo linafunguliwa, namna ya kukata rufaa ukipangiwa mkopo mdogo, ofisi gani inapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mtoto wa mjini huambiwa hayo na kaka yake mezani. Mtoto wa Mamba husoma tangazo tarehe ikiwa imeshapita.

Ya tatu, nilijifunza kusimama mbele za watu, kuandika muhtasari wa kikao, na kutunza fedha za wengine. Mwaka wa tatu nilichaguliwa mwenyekiti. Nikaomba daftari la mapato, nikaambiwa halipo. Michango ya mwaka mzima haikuwa na stakabadhi hata moja. Nilikasirika, lakini hasira haikurudisha hata senti. Tukaweka utaratibu: mtunza hazina anapokea, mtu mwingine anaandika stakabadhi, na kila mwisho wa mwezi hesabu inabandikwa ukutani. Leo ninafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu, na mwalimu wangu wa kwanza wa ukaguzi ni lile daftari ambalo halikuwepo.

Ndugu zangu, hizo ndizo faida. Sasa nirudi kwa mwenzangu wa kwenye treni.

Mwaka wa pili alifeli masomo mawili. Hakufeli kwa kukosa akili. Fedha zake za mkopo zilichelewa, akawa anabeba mizigo sokoni usiku na kusinzia darasani mchana. Kama mnavyojua, aliyefeli hurudia mtihani, ile tunayoiita sapu. Yeye alidhani akifeli ndiyo basi, amedisko. Aliona haya kuuliza. Siku ya sapu yeye alikuwa ndani ya treni, anarudi Mpanda.

Mimi tarehe za sapu nilizijua. Zilisomwa kwenye kikao chetu, na mimi ndiye niliyeziandika kwenye muhtasari. Cheti changu cha uanachama kilikuwa ukutani chumbani, na mwenzangu alikuwa analala bweni la pili kutoka langu. Sikuwa nimemtembelea kwa miezi miwili. Nilisikia habari zake kwa mtu mwingine, akiwa ameshafika nyumbani.

Hakuna aliyenilaumu. Mama yake, nilipokwenda kumsalimia likizo, alinipa mchele kilo tano nirudi nao chuoni. Mchele ule ulikuwa mzito kuliko lawama.

Ndiyo maana nilipopata uenyekiti nilibadili kitu kimoja. Kila mwanachama alipewa wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wa kuwafuatilia, chumbani kwao, mara moja kwa wiki. Anawauliza mambo matatu: umekula, umesaini mkopo, umefanya mazoezi ya somo gani. Baadhi ya wenzangu walitoka, wakasema heshima haikuja kwa ajili ya kubembeleza watu. Waliobaki walitosha.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka 1943 kijana Julius Nyerere aliingia Makerere, Uganda. Watanganyika pale walikuwa wachache, mbali na kwao. Yeye na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage, wakaanzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, cha kutazamana hali wao kwa wao, na baadaye wakakigeuza kuwa tawi la TAA. Alipomaliza masomo mwaka 1945 alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora hiyo hiyo tunayobadilishia treni, akaendelea na kazi za chama. Mwaka 1953 akawa Rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Uongozi ule ulianza kwa wanafunzi wachache kuulizana hali. Wazee wetu walituachia neno: cheo ni dhamana. Cheti nacho ni dhamana.

Vijana, niwaonye pia. Siku hizi mtapata ujumbe kwenye simu na kompyuta kwamba mmeteuliwa kwenye jumuiya fulani ya heshima ya kimataifa, lipeni dola kadhaa. Zipo za kweli na zipo za kuwachuna. Kabla hujatoa fedha uliza: imejuaje alama zangu? Ina wanachama hapa chuoni ninaoweza kuwaona kwa macho? Kiingilio kinafanya kazi gani? Mwaka jana ilifanya nini? Ikikosa majibu, nunua daftari na unga.

Na wewe ambaye GPA yako haifiki, usijifungie chumbani. Chama cha fani yako hakiangalii alama. Ingia, omba kazi ndogo, ya uandishi au ya kupanga viti. Watu huaminiwa mambo makubwa baada ya kuonekana kwenye madogo.

Wazazi na ndugu zangu, sasa niseme kilichotuleta hapa. Harambee ya leo ni ya mfuko wa wanafunzi wa Mamba. Naomba mfuko huu ufanye mambo matatu. Uwe na daftari la kila kijana wetu aliyeko chuoni, jina, chuo, mwaka na namba ya simu. Uwalipie nauli ya kwanza na kiingilio cha chama cha fani. Na kila mmoja wetu aliyemaliza chuo apewe vijana wawili wa kuwapigia simu kila wiki, siyo wakati wa matokeo tu. Na hesabu za mfuko zibandikwe ofisi ya kata, kila mtu asome.

Mimi natoa shilingi laki tatu, na nachukua vijana wawili. Mwenzangu yule sasa analima mpunga nyumbani, na jioni anawafundisha hesabu watoto wa jirani bila malipo. Nilipomweleza habari ya mfuko huu alinitumia elfu ishirini, akasema niiandike. Mtunza hazina, naomba uanze na hiyo, na stakabadhi yake nitampelekea mwenyewe.