Msaada Humfuata Aliyeanza

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, yakawatoa watu wengi majumbani mwao katika Rumonge. Waumini wa makanisa na misikiti ya ufukweni, kuanzia Minago hadi Rumonge mjini, wana moyo wa kusaidia. Lakini sadaka za Ijumaa na Jumapili pekee hazijengi nyumba.

Ruzuku zipo. Mnamo 2017 serikali ya Burundi ilianza kuipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa miradi ya maendeleo; nayo Caritas Burundi hupokea misaada ya Caritas za nchi nyingine. Hata hivyo, mfadhili huuliza kwanza: Je, kikundi kimeandikishwa? Hesabu zake zinaonekana? Fedha hutolewa benki kwa sahihi zaidi ya moja? Wenyeji wenyewe wamechangia nini? Penye matofali yaliyokwisha kufyatuliwa, ombi husikilizwa.

Askari na polisi nao ni waumini na wazazi. Aliyezoea ghala la silaha, ambako kila risasi huandikwa, aweza kuwafundisha wenzake kuandika kila faranga. Na saruji ya wajane ifikapo kizuizini, ipite bila kutozwa kitu. Msaada ni amana. Mwenye kuihini huwafungia mlango wote watakaoomba baada yake.