Daktari wa Mkataba, Mgonjwa wa Nani?

Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi, yaliyotolewa katika mkutano wa kata

  

 Jambo nililotumwa kulieleza leo linahusu huduma ambayo wengi wetu tumewahi kuitumia, nayo ni kliniki za pamoja za watu binafsi. Nazungumzia jengo moja lenye mapokezi, maabara na duka la dawa, ambamo madaktari kadhaa hupokea wagonjwa kwa zamu na kwa siku tofauti. Ubao wa mlangoni huonyesha kwamba Jumatano yupo bingwa wa magonjwa ya akina mama, Ijumaa jioni bingwa wa watoto na Jumamosi daktari wa upasuaji. Mgonjwa anapoingia huamini kwamba wote hao ni watu wa kliniki ile. Mara nyingi sivyo. Wengine wameajiriwa pale, na wengine wamekuja kwa makubaliano yao wenyewe. Tofauti hiyo haionekani siku mambo yanapokwenda vizuri. Huonekana siku yanapoharibika, mgonjwa anapouliza: je, mimi ni mgonjwa wa nani?

Tulikotoka

Ndugu wananchi, huduma hii ina historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi yetu iliweka mkazo katika zahanati na hospitali za umma. Mwaka 1977 Bunge lilitunga sheria ya kusimamia hospitali binafsi, na tangu hapo utabibu wa kujipatia faida ukazuiwa. Hospitali za mashirika ya dini na taasisi zisizotafuta faida ziliendelea, na sisi wa Tanga tunazifahamu, kwa sababu Hospitali Teule ya Muheza ilihudumia vizazi kadhaa. Mwaka 1991 sheria ile ilirekebishwa, na madaktari wenye sifa wakaruhusiwa tena kufungua vituo vyao.

Tangu hapo madaktari wamejifunza kwamba kufungua kituo peke yako ni mzigo mzito. Mashine ya kupima kwa mawimbi ya sauti, vifaa vya maabara, jenereta na pango la nyumba ni gharama isiyobebeka kwa mtu mmoja. Ndiyo sababu wanaungana. Mwenye jengo na leseni hutoa vyumba, wauguzi na vipimo, naye daktari huleta ujuzi wake. Fedha anayolipa mgonjwa hugawanywa kwa mafungu waliyokubaliana.

Utaratibu huu una manufaa, na sikuja hapa kuubeza. Mkazi wa Mkwaja hulazimika kuvuka Mto Pangani na kusafiri mwendo mrefu hadi kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Bingwa anapokubali kukaa mji mdogo siku moja kwa wiki, mkazi huyo ameokolewa nauli, muda na pengine uhai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ana haki ya kujua mgeni amekuja kwa masharti gani.

Mikataba miwili isiyofanana

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa kuwa lugha yetu ya kila siku inaweza kutuchanganya. Tunaposema “fulani yupo kwa mkataba”, kwa kawaida tuna maana kwamba ameajiriwa kwa muda maalumu, labda mwaka mmoja au miwili. Huyo bado ni mwajiriwa. Ana mshahara na likizo, anachangiwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na akiumia kazini anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Mkataba wa pili ni wa kutoa huduma. Huo unafanana na ule tunaoujua kwa wajenzi wa barabara na madarasa. Mkandarasi anapewa kazi, anaifanya kwa utaalamu wake, analipwa kwa kazi hiyo, analipa kodi yake na kujitafutia hifadhi yake mwenyewe. Daktari wa namna hii ni mkandarasi huru. Kisheria si mtumishi wa kliniki, bali ni mtu aliyefanya nayo biashara.

Utaratibu huu upo pia kwa wenzetu. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, madaktari wa mitaani hawakutaka kuwa waajiriwa wa serikali. Wakabaki makandarasi huru, na hadi leo wengi wao hufanya kazi kwa ubia katika vituo vya pamoja. Kwa hiyo mkataba wa huduma si ujanja wala si kosa. Kosa huanza pale mkataba unapotumiwa kumkimbia mgonjwa au kumnyima mfanyakazi haki yake.

Mgonjwa anapobaki katikati

Tuchukue mfano. Mama amefanyiwa upasuaji mdogo siku ya Jumamosi na daktari anayekuja mara moja kwa wiki. Jumanne kidonda kinavimba na homa inapanda. Mume anampeleka kliniki, na anaelezwa kwamba yule daktari si wa hapa, hivyo asubiri Jumamosi. Anampigia simu daktari, naye anajibu kwamba usafi wa vifaa na uangalizi wa kidonda ni kazi ya kliniki. Kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake, na kidonda hakisubiri. Wahenga wa pwani walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa balaa ni kubwa zaidi, kwa kuwa manahodha ni wawili na kila mmoja anasema chombo si chake.

Je, kliniki inaweza kujitoa kwa kusema daktari hakuwa mwajiriwa wake? Kuna kesi maarufu ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya huko mwaka 1951, inayojulikana kwa jina la Cassidy. Mgonjwa aliingia hospitali akiwa na vidole viwili vya mkono vilivyokakamaa, na baada ya matibabu akatoka na vidole vinne vilivyokakamaa. Hospitali ikawajibishwa. Mmoja wa majaji, Lord Denning, alieleza kwamba hospitali inayompokea mgonjwa ina wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, na haiwezi kuukwepa kwa kutaja aina ya mkataba iliyofunga na daktari. Aliweka mpaka mmoja: hali huwa tofauti pale mgonjwa mwenyewe alipomchagua na kumwajiri daktari huyo.

Maamuzi ya mahakama za Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini mawakili na majaji wetu huyasoma na kuyapima. Fundisho lake kwetu ni hili: mgonjwa aliyepokewa na kliniki, akaandikwa katika daftari lake na kupewa risiti yake, ana msingi imara wa kuidai kliniki. Aliyempa daktari fedha mkononi, bila risiti, amejidhoofisha mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi wa matibabu ni vivyo hivyo.

Vijana wetu wanaofanya kazi humo

Upande wa pili wa jambo hili unawagusa watoto wetu. Katika kliniki hizi wapo madaktari vijana, matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wahudumu wa usafi. Inawezekana mmoja wao akapewa karatasi inayomwita “mtoa huduma huru”, ilhali anafika kila siku saa 2:00 asubuhi, anapangiwa zamu, anatumia vifaa vya kliniki na hana kazi nyingine. Siku akichomwa na sindano iliyotumika, anaambiwa hana fidia.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, imelitazama jambo hilo. Inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo angalau jambo moja kati ya haya lipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi husika, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Kwa maneno mengine, sheria inatazama kazi yenyewe, haitishwi na kichwa cha habari cha mkataba. Bingwa anayekuja Jumamosi, mwenye wagonjwa wake na kazi yake mahali pengine, anaweza kweli kuwa mkandarasi huru. Muuguzi wa zamu za kila siku ni vigumu sana kuwa hivyo. Anayeachishwa kazi isivyo halali apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa.

Mambo matano ya kuuliza

Ndugu wananchi, nawaomba mzoee kuuliza mambo matano kabla ya kupokea huduma kubwa. Kuuliza si utovu wa adabu, na daktari mwema hachukizwi na swali.

Kwanza, jina kamili la anayekutibu, cheo chake na namba yake ya usajili. Chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma hiyo, kila daktari anapaswa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni hai.

Pili, nani atakuona iwapo daktari huyo hayupo. Ombeni jina na namba ya simu, viandikwe kwenye kadi au daftari la mgonjwa. Kama hakuna jibu, na huduma yenyewe ni upasuaji unaoweza kusubiri, ni busara kusubiri.

Tatu, malipo. Lipeni dirishani na mdai risiti. Wenye bima waulize mapema kama huduma ya daktari anayekuja imo, kwa sababu mfuko wa bima huwa na mkataba na kituo, na hapo ndipo utata wa malipo ya ziada unapozaliwa.

Nne, fomu ya ridhaa. Isomeni kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Asiyejua kusoma asomewe na ndugu anayemwamini. Angalieni jina la kituo na jina la daktari vyote vimeandikwa.

Tano, kumbukumbu. Ombeni nakala ya majibu ya vipimo na maelezo ya matibabu siku ile ile. Daktari akihama, maelezo yenu yasihame naye.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Mwenye malalamiko aanze kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asiporidhika, aende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ofisi yake hukagua pia vituo vya watu binafsi. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari kitaaluma hufikishwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na juu ya muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya hayaulizi nani anamlipa mtaalamu. Yanauliza kama amefuata maadili ya kazi yake.

Anayetaka fidia mahakamani akumbuke kwamba madai yatokanayo na uzembe yana ukomo wa miaka 3, na yale ya kuvunjwa kwa mkataba miaka 6. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone msaidizi wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Kwa wamiliki wa kliniki waliopo hapa nina ombi moja. Andikeni ukutani, kwa herufi zinazosomeka, ni nani mwenye jukumu la mgonjwa kwa kila siku ya wiki, hata siku ambazo bingwa hayupo. Na katika mkataba wenu na daktari, wekeni wazi nani anafuatilia mgonjwa baada ya matibabu, nani anatunza faili na nani anajibu malalamiko. Makubaliano ya fedha ni yenu wenyewe. Makubaliano ya kumtunza mgonjwa yanatuhusu sote.

Ndugu wananchi, serikali inaendelea kuimarisha vituo vyake, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kadiri watu wengi zaidi watakavyokuwa na bima, ndivyo wengi zaidi watakavyoingia katika vituo vya umma na vya binafsi. Ni vema tukaingia tukijua tunayemkabidhi miili yetu, na mahali pa kumpata kesho yake asubuhi.

 Mwenyekiti, narudisha kikao kwako kwa ajili ya maswali.