Mabaraza na Mashauri ya Mashamba

Leo nitawaeleza habari za mabaraza yaliyoamua mashauri ya mashamba katika Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania Bara. Jirani hugombana na jirani kwa ajili ya mpaka, na ndugu na ndugu kwa ajili ya urithi. Basi habari hizi zamhusu kila mkulima.

Zamani wazee ndio waliokata mashauri hayo. Mwaka 1929 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya mabaraza ya wenyeji. Machifu wakahukumu kwa desturi za makabila yao, na rufani zikaenda kwa maofisa watawala, si kwa Mahakama Kuu. Hapo palikuwa na ila, maana mtawala ndiye aliyekuwa hakimu. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliweka Mahakama za Mwanzo, na rufani zikaweza kufika Mahakama Kuu.

Sikilizeni faida yake. Mwaka 1988, huko Uhaya, bibi mzee mmoja aliuza shamba la ukoo, alilolirithi kwa baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mtu wa ukoo wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema kwamba kwa desturi mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Bibi akashindwa. Akakata rufani, akashinda. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu kwamba desturi ile inapingana na Katiba, kwa kuwa mwanamke na mwanamume ni sawa mbele ya sheria. Hata hivyo ukoo haukusahauliwa: mdai aliruhusiwa kulikomboa shamba kwa kulipa shilingi zile zile 300,000.

Sheria ya mwaka 2002 iliweka mabaraza ya ardhi ya kijiji, ya kata na ya wilaya. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata lapatanisha tu. Wasipopatana katika siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Basi, wasikilizaji, andikeni wosia, pandeni miti ya mpaka mbele ya majirani, na mkidhulumiwa, msichoke kukata rufani.