Kuishi ao kuondoka: juu ya sauti fupi na sauti ndefu

Maneno ya mwalimu wa masomo ya Kiingereza katika mkutano wa wanachama, Likasi



Mulinialika niseme juu ya masomo yetu ya siku ya posho. Nitaanza na kambi.

Mwaka 2008, kule Zambia, mukubwa mumoja wa ofisi aliniuliza tuko na mpango gani. Bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mi nikajibu kwa Kiingereza, na kiburi kidogo, kwamba tunataka kuishi pale kwanza. Neno ni live. Lakini kinywa changu kilisema leave, njo kusema kuondoka. Akaandika. Kisha juma mbili majina yetu yakasomwa kati ya wale wanaopanda lori ya kurudi. Tulizunguka siku ine tukitafuta mutu wa kusahihisha. Yule mukubwa aliandika kile alichosikia.

Juu ya nini tunakosea pale? Sisi tulisoma Kifaransa. Mu Kifaransa chetu, il na île tunazitamka sawasawa, na hakuna mutu anapotea. Lakini tusiseme kwamba masikio yetu hayawezi. Mu Kiswahili, kufa si kufaa. Wanaojua Kibemba wanajua kwamba ukukula ni kukomaa, na ukukuula ni kujenga, hata kama mara mingi tunaandika yote namna moja. Basi urefu wa sauti tuliunyonya kwa mama. Inabaki kuupeleka mu luga ya wengine.

Muzee mumoja wa chama alitumika na Wajapani kule Musoshi, mu mugodi wa Sodimiza, miaka ya 1970. Yeye njo alitufundisha kwamba kwao obasan ni shangazi, na obaasan ni nkambo. Ukimwita shangazi ya mutu nkambo, atakuangalia mubaya! Biru ni nyumba ya etaje, biiru ni pombe. Kule ni hesabu tu: sauti fupi ni pigo moja la mukono, sauti ndefu ni mapigo mawili. Tokyo, kwa kinywa chao, ni mapigo ine: to-o-kyo-o. Kinywa hakibadiliki, muda njo unabadilika.

Kiingereza kiko na ujanja zaidi. Wengi wenu munavuta tu ship ili ikuwe sheep. Haitoshi. Mu sheep midomo inapanuka kama mutu anayecheka, ulimi unapanda juu. Mu ship kinywa kinalegea, ulimi unashuka kidogo, sauti inaenda upande wa e. Ni hivyo kwa live na leave, kwa fill na feel. Full na pool pia: ya kwanza midomo inalegea, ya pili inakaza na kuwa duara.

Tena muda peke yake unaweza kukudanganya. Sikilizeni seat na seed. Sauti ni ile ile, lakini mbele ya d inakuwa ndefu kuliko mbele ya t. Anayehesabu mapigo tu, kama kwa Kijapani, atapotea. Kwa Kiingereza, angalia kinywa kwanza, kisha sikiliza urefu.

Kwa hiyo siku ya posho tunafanya vile: wawili wawili, mumoja anasema live ao leave, mwenzake anageuza mugongo na kuonyesha mukono: kushoto ni kuishi, kuume ni kuondoka. Mukono ukikosea, tunarudilia. Hakuna kuchekana.

Ninyi wafadhili, hatuombi mashini kubwa. Tunaomba vioo vidogo, kila mwanafunzi aone midomo yake, na redio moja ya kupiga sauti za wenye luga. Kati yetu kuko vijana wanaotafuta kazi ku mipaka na mu migodi, na bamama wanaovuka kwenda kununua bidhaa. Neno moja linaweza kuwapotezea siku ine, ao zaidi.

Mutoto wetu alizaliwa salama, kule kule kambini, mbele ya sisi kurudi. Alianza masomo na Kiingereza. Leo, nikisema live mubaya, yeye njo ananisahihisha.