ZIARA YETU YA KWANZA KATIKA NYUMBA YA WAZEE

Mazungumzo kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani ya parokia





 Tumeombwa tuwasimulie ziara tuliyoifanya katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista. Tulikubali kwa moyo mzito, kwa maana ziara hiyo haikutuletea sifa. Tulikwenda tukidhani kwamba tunakwenda kutoa. Tulirudi tukijua kwamba tunadaiwa. Basi tutafuata hatua zetu za siku zote: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Tulikuwa watu 14, tukasafiri kwa matatu ya kukodi Jumamosi moja ya Kwaresima. Tulikuwa tumechanga kwa majuma manne, na kila jumuiya ilitoa ilichoweza. Tulibeba mahindi makavu, maharagwe, sukari, sabuni, katoni za biskuti na mfuko mkubwa wa peremende. Tulikuwa pia tumetayarisha nyimbo tatu, hotuba mbili na mpiga picha.

Tulidhani tungeingia mahali pa huzuni. Tulichokikuta ni nyumba safi, nyeupe, zilizojengwa chini kwa chini bila ngazi hata moja, ili kiti cha magurudumu kipite kila mahali. Kandokando ya kuta kulikuwa na vyuma vya kushikilia. Nyuma ya jiko palikuwa na bustani ya sukumawiki na mchicha, zizi la ng'ombe wawili na banda la kuku. Katikati ya yote lilikuwamo kanisa dogo, na mlango wake ulikuwa wazi.

Sista msimamizi alitupokea kwa furaha, akatuonyesha vyumba. Alitueleza kwamba mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Tulihesabu vitanda vya wagonjwa wa namna hiyo, kisha tukahesabu masista na wasaidizi wao. Hakuna aliyesema neno. Katika nyumba nyingi za kwetu mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa asubuhi na jioni tu, nasi hujiona tumetimiza wajibu.

Kisha tukagawa zawadi, na hapo ndipo aibu yetu ilipoanza. Nyanya mmoja alizungusha biskuti mkononi kwa muda, akacheka, akatuonyesha ufizi wake. "Wanangu," alisema, "hii nitamwekea mjukuu akija." Mzee aliyekaa jirani naye alinyoosha mkono kupokea peremende, lakini msaidizi akamzuia kwa upole, kwa kuwa ana ugonjwa wa kisukari. Mahindi makavu yalipelekwa ghalani. Sista alishukuru kwa kila kitu, na alishukuru kwa dhati. Tulipomwuliza ni kitu gani hasa wanachokihitaji, alituambia: nepi za watu wazima, unga wa uji, mafuta ya kupaka, dawa za shinikizo la damu, na watu wa kuja kukaa na wazee na kuzungumza nao. Ndugu zetu, tulichanga majuma manne, na katika majuma hayo yote hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuuliza.

Hata hivyo jambo lililotuchoma zaidi lilikuwa bado mbele. Mpiga picha alipokuwa akituweka safu kwa ajili ya picha, mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi chini ya mti alimwita katibu wetu kwa jina lake la ubatizo. Kisha akamwita mama mmoja wa kwaya kwa jina la mumewe marehemu. Akauliza, "Siku hizi kengele anapiga nani?"

Ndipo tulipomtambua. Huyu alikuwa mzee wa parokia yetu wenyewe. Wale waliokuwapo wakati kanisa letu likijengwa watakumbuka kwamba alichonga mawe kwa mikono yake bila malipo, na kwa miaka mingi ndiye aliyepiga kengele ya Misa ya kwanza. Mkewe alipofariki tulimzika sote kwa heshima. Baadaye tukasikia kwamba mzee amehamia mjini kwa mwanawe. Tukaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi. Kengele iliendelea kupigwa na mtu mwingine, na katika miaka mitatu hakuna jumuiya iliyouliza habari zake.

Tuliacha picha, tukaketi. Alitusimulia bila uchungu. Shamba liligawanywa upesi baada ya matanga. Sehemu iliyokuwa na nyumba yake iliuzwa. Aliishi kwa mwanawe katika chumba kimoja na wajukuu wanne, akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa hospitalini. Siku ya kuruhusiwa kutoka ilipofika hakuja mtu. Alikaa wodini majuma mengi akiwa mzima wa kutosha kuondoka, lakini hana pa kwenda, hadi afisa wa ustawi wa jamii alipowaomba masista wampokee. Kitambulisho chake kilibaki kwa mwanawe, na bila kitambulisho hakuweza kujiandikisha kupata fedha za wazee zinazotolewa na serikali.

Tulimwuliza kama angependa turudi naye. Alifikiri, akasema kwamba hapa anakula, anaoshwa, na Misa iko karibu. Hana haraka ya kuondoka. Alikuwa na maombi mawili tu: kitambulisho chake, na ahadi kwamba akifa atazikwa kando ya mkewe. Hilo la pili hatukuweza kumjibu, maana kaburi la mkewe sasa limo katika shamba la mtu mwingine.

KUAMUA

Tuliporudi, tulikaa kama kamati tukaitafakari ziara hii kwa mwanga wa imani. Tunawaletea mambo matatu.

Kwanza, amri ya nne. Tumezoea kuwafundisha watoto wa katekisimu kwamba amri hii ni yao: watii wazazi, wasijibu kwa ukali. Lakini amri hii iliwahusu kwanza watu wazima wenye wazazi wazee. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Bwana wetu anawakemea watu waliotangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imekuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Kwa njia hiyo walipata sifa ya uchaji huku baba na mama wakikosa msaada. Hebu tujiulize: ni mara ngapi jina la mtu limesomwa kanisani kwa mchango mkubwa wa harambee, wakati mama yake anakosa blanketi? Nasi viongozi tuliosoma majina hayo, je, tuliuliza? Mungu hapokei kwa furaha mchango uliokatwa kutoka katika chakula cha mzazi.

Pili, mfano wa watakatifu. Huko Ufaransa, katika majira ya baridi ya mwaka 1839, mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan alimchukua mjane mzee, kipofu, ambaye upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umepooza. Alimpandisha ngazi hadi chumbani mwake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Kazi ya Masista Wadogo wa Maskini, ambao hadi leo wanawatunza wazee katika nchi nyingi, ilianza kwa kitanda hicho kimoja. Kwa chakula cha wazee wake alizunguka na kikapu akiomba nyumba kwa nyumba. Lakini yeye mwenyewe aliondolewa katika uongozi, na miaka yake ya mwisho aliishi kimya miongoni mwa vijana wa shirika ambao hawakujua kwamba ndiye mwanzilishi wao. Alifariki mwaka 1879, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu. Tunaona, basi, kwamba hata ndani ya nyumba ya Mungu mtu aliyejenga anaweza kusahauliwa. Wahenga walisema: Mla, mla leo, mla jana kala nini? Ndivyo tulivyomtendea mpiga kengele wetu.

Tatu, haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema kwamba watu wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Katiba hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili kuwafikia waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Sheria inataka pia kibali cha bodi ya ardhi kabla ya shamba la kilimo kuuzwa au kugawanywa. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Alikuwa mtu mwenye haki, na haki hizo zilipotea mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yetu.

Tusielewe vibaya. Hatusemi kwamba kumpeleka mzazi kwa masista ni dhambi. Wapo wazee wasio na mtoto wala ndugu. Wapo wagonjwa ambao familia haiwezi kuwatunza peke yake. Kwa hao nyumba ile ni neema. Wala hatukumwona mwana wa mzee huyu kuwa mnyama. Tulipomtembelea tulimkuta amepoteza kazi, anadaiwa karo, na anaona haya hata kututazama usoni. Alituambia kwamba alikwenda hospitalini mara mbili akarudi kutoka langoni, kwa sababu hakuwa na fedha za kulipa deni la matibabu. Yeye naye ni wa jumuiya fulani, na huko nako hakuna aliyemwuliza. Ndiyo sababu tunasema kwamba jambo hili si la familia moja. Huruma humpokea mzee aliyekwisha kuachwa. Haki huuliza ameachwaje, na nani atafuata.

KUTENDA

Ndugu zetu watapenda kujua tumefika wapi. Kitambulisho kilipatikana, mwana mwenyewe alikipeleka kwa baba yake, wakakaa pamoja mchana kutwa. Maombi ya fedha za wazee yameandikishwa. Suala la shamba na kaburi bado liko mbele ya wazee wa ukoo na chifu, na hatuwezi kuwadanganya kwamba limekwisha. Mzee amechagua kubaki kwa masista. Siku ya sikukuu ya somo wa parokia tulimleta nyumbani, akapiga kengele.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo haya:

1. Kila jumuiya iandike orodha ya wazee wake wote, pamoja na wanaoishi peke yao, na kila mwezi mtu aliyeteuliwa awatembelee. Mzee akihama, jumuiya ijue amehamia wapi na kwa nani, na mtu aende kuhakikisha.

2. Ugawaji wa ardhi baada ya msiba usifanywe kwa haraka. Viongozi wa jumuiya wawe tayari kuketi na familia, na kukumbusha kwamba mjane au mgane aliyebaki ana mahali pake.

3. Kamati iwasaidie wazee kupata vitambulisho na kujiandikisha kwa misaada wanayostahili. Vijana wetu wanaojua kusoma fomu waifanye kazi hii kuwa huduma yao.

4. Tutakapowatembelea masista tena, tuulize kwanza kinachohitajika, tuende wachache, tukae muda mrefu, na tuache mpiga picha nyumbani. Mzee si pambo la picha yetu.

5. Siku ya Mababu na Mabibi, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021 iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, iwe siku ya kuwaleta kanisani wazee wasioweza kutembea, na kuwapelekea Komunyo wale wasioweza kuletwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, yupo mzee wa jumuiya yetu ambaye hatujamwona kwa muda wa miezi sita? Nani atakwenda kumtafuta, na lini?

2. Katika familia zetu, mzee hushauriwa kabla ya mali kugawanywa, au huambiwa baadaye?

3. Tunapotoa mchango kanisani, je, wazazi wetu wamekula?

4. Tunaisaidiaje familia inayotaka kumtunza mzee lakini imelemewa?

Wapendwa, nyanya yule aliihifadhi ile biskuti kwa ajili ya mjukuu. Tuliporudi mara ya pili ilikuwa bado mezani kwake, katika karatasi yake, kwa kuwa mjukuu hajaja. Hatumjui mjukuu huyo. Lakini parokia ziko nyingi na jumuiya ziko nyingi, na huenda yuko katika mojawapo. Huenda yuko katika yetu. Twendeni tukaulize.